Wazee Wanaosahau: Tuitafute Sumu Mahali Ilipo



Yapo mambo ambayo yakitajwa hadharani kila mmoja wetu huinamisha macho. Mojawapo ni hali ya wazee wetu wanaopotewa na kumbukumbu. Mama aliyelea watoto wanane na kulima pamba kwa jembe la mkono anaanza kuwauliza wajukuu majina yao. Anatoka usiku, anakutwa katika mji wa jirani, na hawezi kueleza amefikaje huko. Anazungumza peke yake. Anamtuhumu mkwewe kuwa ameiba fedha ambazo yeye mwenyewe amezifukia chini ya chungu. Hizo ni dalili ambazo daktari huzitambua mapema. Katika vijiji vyetu vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, aghalabu neno la kwanza linalonong'onwa ni uchawi.

Katika makala hii tunasema mambo matatu. Kwanza, hali hiyo ni ugonjwa wa ubongo. Pili, ubongo huweza kudhuriwa na sumu, nyingine zikijijenga ndani ya mwili na nyingine zikitoka nje. Tatu, jamii inayomsaka mchawi huiacha sumu yenyewe iendelee na kazi yake. Kwa hiyo jambo hili ni la afya, na vilevile ni la haki.

DAMU ILIYOKWISHA KUMWAGIKA

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, lakini jeraha tunalolizungumzia ni la zamani. Takwimu za Serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha kuwa watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukuma, yaani mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati huo, ambamo wilaya zetu zilikuwamo. Wengi walikuwa wanawake. Mauaji hayakukoma mwaka 1984. Watetezi wa haki za binadamu waliendelea kuyaandika katika miongo iliyofuata. Mwezi Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata hivyo amri ya Serikali haiingii mara moja katika mioyo ya watu.

Tunajua sote ishara iliyotumika kuwahukumu akina mama hao: macho mekundu. Na tunajua sote macho hayo hutoka wapi. Miti ya Usukuma ilifyekwa kwa ajili ya mashamba ya pamba, malisho, na vita dhidi ya mbung'o. Kuni zikawa adimu. Mama akapikia samadi kavu, mabua ya mtama, na miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno. Akainama juu ya moshi huo asubuhi na jioni, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka arobaini au hamsini. Alipozeeka, familia aliyoipikia ikayatazama macho yake na kusema: huyu ni mchawi.

Pale macho mekundu yanapokutana na kumbukumbu iliyopotea, shutuma hupata kile kinachodhaniwa kuwa ushahidi. Mgonjwa haelewi anachoulizwa, au hukubali lolote analoambiwa. Maneno ya ubongo uliochoka huchukuliwa kuwa ungamo la mkosaji. Hakimu yeyote mwenye busara angeukataa ushahidi wa namna hiyo.

UGONJWA WENYEWE

Wataalamu huuita ugonjwa huu demensia, yaani kuporomoka kwa kumbukumbu, fikra na mwenendo wa mtu kutokana na kuharibika kwa ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 walikuwa nao, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Basi asidanganyike mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu.

Hapa nchini, utafiti uliofanyika katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliwachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Ilikadiriwa kuwa wenye demensia walikuwa asilimia 6.4, yaani takriban sita katika kila mia. Hesabu hiyo inatufundisha mawili. Inatuonyesha kwamba ugonjwa upo vijijini, miongoni mwa wakulima kama sisi. Inatuonyesha pia kwamba wazee walio wengi hawaupati. Anayesema kwamba uzee ndiyo hivyo ulivyo, kila mzee husahau, anakosea sawa na yule anayesema ni uchawi. Wote wawili humwacha mgonjwa bila kutazamwa.

SUMU INAYOJIJENGA NDANI

Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliupasua na kuuchunguza kwa hadubini ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na umri wa miaka 55 baada ya kupotewa na kumbukumbu na kuwashuku watu wa nyumbani mwake. Alikuta mambo mawili: madonge ya kitu kigeni katikati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Aina ya demensia iliyo ya kawaida kuliko zote inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Madonge yale yametokana na protini iitwayo beta-amiloidi, ambayo wanasayansi waliitenga mwaka 1984. Zile nyuzi ni za protini nyingine iitwayo tau. Zote mbili hutokana na mwili wenyewe. Katika ubongo wenye afya hutengenezwa na kuondolewa, kama nyumba inayofagiwa kila siku. Zikizidi kutengenezwa, au ufagiaji ukidhoofika, hujikusanya, na wataalamu wengi wanaamini kwamba vikundi vidogo vya protini hizo huwa sumu kwa chembe za ubongo muda mrefu kabla ya dalili kuonekana. Utafiti umeonyesha pia kuwa usingizi mzuri husaidia ubongo kujisafisha.

Je, sumu hiyo ndiyo chanzo chote cha ugonjwa? Wataalamu wangali wanabishana. Wapo wazee waliokufa wakiwa na akili timamu, na ubongo wao ukakutwa na madonge mengi. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa iitwayo lecanemab, inayoondoa amiloidi katika ubongo. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27. Haikuponya, ni ghali mno, na wagonjwa wengine huvimba ubongo au kuvuja damu ndani yake. Hapana budi tuseme wazi kwamba msaada kwa wazee wa Simiyu hautatoka huko kwa sasa. Utatokana na yale tunayoweza kuyazuia na namna tunavyowatunza.

SUMU ZINAZOTOKA NJE

Kwamba sumu kutoka nje huweza kuharibu mishipa ya fahamu, tuna mfano jirani kabisa. Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, watu walipooza miguu kwa ghafla. Waliochunguza wakagundua kuwa ni ugonjwa uitwao konzo, uletwao na sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo. Watu walikuwa na njaa, wakafupisha siku za kuanika. Sumu ilikuwa katika mlo wa maskini, na kinga yake ilikuwa kuuandaa muhogo kwa muda unaotakiwa. Konzo si demensia, maana huishambulia zaidi miguu. Lakini inatufundisha kuuliza kwanza: wamekula nini, wamevuta nini, wameshika nini?

Tukiuliza hivyo kuhusu demensia, majibu hayana uzito sawa, nasi tungependa msomaji ayapambanue.

Kuhusu moshi, ushahidi umezidi kukua. Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet liliingiza hewa chafu katika orodha ya mambo yanayoongeza hatari ya demensia. Vumbi laini la moshi huingia katika mapafu, hufika katika damu, na hudhuru mishipa ya moyo na ya ubongo. Tafiti za China na India zimewakuta wazee wanaopikia kuni na samadi wakiwa na kumbukumbu dhaifu kuliko wanaotumia nishati safi. Hebu tulitafakari hilo, ndugu zangu. Yamkini moshi uleule uliowatia akina mama macho mekundu ndio uliosaidia kuwanyang'anya kumbukumbu. Na kwa mambo hayo mawili sisi tuliwahukumu.

Kuhusu sumu za shambani, Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na pamba hupigwa dawa mara nyingi katika msimu. Tunaiita dawa, na jina hilo limetupumbaza: ni sumu iliyotengenezwa ili kuua. Wazee wetu wa leo ndio walionyunyizia DDT na endosulfani walipokuwa vijana, mara nyingi kifua wazi na bila glovu. Dunia imekwisha kuzikataa sumu hizo mbili mashambani kwa Mkataba wa Stockholm. Endosulfani iliongezwa katika mkataba huo mwaka 2011. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walipima damu ya wagonjwa 86 wa Alzheimer na ya watu 79 wasio na ugonjwa huo. Mabaki ya DDT katika damu ya wagonjwa yalikuwa karibu mara nne zaidi. Utafiti mmoja hautoshi kuthibitisha, lakini watosha kudai tahadhari. Jambo lililothibitika zaidi ni kwamba aina nyingine za sumu za wadudu huvuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu papo hapo: mtu hutokwa na jasho, mate na machozi, hutetemeka, na akizidiwa hufa.

Kuhusu zebaki, hakuna shaka. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Kanda ya Ziwa huitumia kunasa dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huvutwa na mchomaji pamoja na mama na watoto walio karibu. Huleta mtetemeko, hasira zisizo na sababu, usingizi wa shida na usahaulifu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako, kuanzia mwaka 1956, ilibainika kuwa zebaki ya kiwandani iliwalemaza wananchi waliokula samaki.

Kuhusu pombe, nayo hakuna shaka. Unywaji mwingi wa miaka mingi huudhuru ubongo, na gongo isiyojulikana imepikwa na nini huongeza hatari nyingine juu yake.

Wapo wanaoziogopa sufuria za alumini, kwa kuwa madini hayo yalishukiwa tangu miaka ya 1960. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kuwa husababisha Alzheimer. Tusiwanyang'anye akina mama sufuria zao huku tukiuacha moshi ulio chini yake.

KWA NINI HILI NI SUALA LA HAKI

Jopo lile la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, endapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Pamoja na hewa chafu, tumbaku na pombe, orodha hiyo inataja shinikizo la damu, kisukari, macho na masikio yasiyotibiwa, upweke, na kukosa elimu utotoni.

Msomaji ayapitie mambo hayo kisha amtazame mama mzee wa kijijini kwake. Nani alinyimwa shule ili kaka zake wasome, na ili aolewe mapema kwa ng'ombe? Nani alivuta moshi? Nani hajapimwa shinikizo la damu hata mara moja? Nani ana mtoto wa jicho ambaye hajawahi kufanyiwa upasuaji? Na baada ya kushukiwa, nani ametengwa, chakula chake kikapelekwa na mtoto anayekiacha mlangoni na kukimbia? Upweke wenyewe unatajwa kuongeza ugonjwa. Basi shutuma ya uchawi, hata isipofikia panga, humdhuru mzee kila siku.

Ibara ya 14 ya Katiba ya nchi yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na zaidi kuwa mzee anayestahili matunzo. Na amri ya nne ya Mungu ya kuwaheshimu baba na mama haikuweka sharti kwamba wawe wanatukumbuka majina.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaotuambia: msitudanganye, uchawi upo. Hatukukusudia kuwatoa watu imani zao kwa makala moja. Tunawauliza swali dogo tu. Ikiwa ramli za bafumu zilikuwa za kweli, na watu wote hao wakauawa, mbona vifo vya watoto na ng'ombe havikukoma katika vijiji vile? Vilipungua pale zilipofika chanjo, vyandarua na maji safi.

Wengine watasema: hata tukijua ni ugonjwa, hauponi, kwenda hospitali ni kupoteza nauli. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa nauli kutoka Meatu hadi Bariadi si kitu kidogo. Lakini si kila anayesahau ana demensia isiyopona. Sonona, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende, maambukizi ya mkojo, na hata mchanganyiko wa vidonge huweza kumchanganya mzee, na vyote hivyo vina tiba. Na pale pasipo na tiba, jina la ugonjwa ni ngao. Familia iliyoambiwa na daktari kuwa mama yao anaumwa ina neno la kuwajibu majirani.

TUFANYE NINI

Kwanza, familia. Mzee anapoanza kusahau, apelekwe zahanati au kituo cha afya kabla ya kupelekwa kokote kwingine. Apimwe shinikizo la damu na sukari. Ikibidi apewe rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bariadi, au Bugando, Mwanza. Nyumbani asibishiwe wala kuchekwa. Aongozwe kwa upole, asiachwe peke yake karibu na moto au kisima, na wanaomtunza wapokezane, kwa maana mzigo huo humwelemea mtu mmoja.

Pili, jikoni. Jiko litobolewe dirisha au lijengewe dohani, na banifu litumike pale gesi isipowezekana. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Viongozi wetu waulizwe mkakati huo utafika lini katika kitongoji cha mwisho, na mtungi utajazwa kwa bei gani.

Tatu, shambani na mgodini. Anayepiga dawa avae glovu, barakoa na nguo ndefu, asinyunyize kuelekea upepo unakotoka, na aoge amalizapo. Chupa ya dawa isitiwe maji wala mafuta ya kula. Tunawaomba viongozi wa vyama vya msingi wasigawe sumu bila kugawa mafunzo na vifaa vya kujikinga: anayekopeshwa dawa hukatwa fedha katika pamba yake, basi na kinga iwe katika hesabu hiyohiyo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ifike minadani, ambako sumu huuzwa pamoja na chumvi na sabuni. Zebaki isichomwe nyumbani kamwe.

Nne, jumuiya. Tunapendekeza kila jumuiya ndogondogo iwaorodheshe wazee wake wanaoishi peke yao na kuwatembelea kwa zamu. Inaposikika minong'ono dhidi ya mzee, kiongozi wa jumuiya asisubiri. Aende siku hiyohiyo, akae naye barazani mbele ya watu, na amjulishe mwenyekiti wa kitongoji, sungusungu na polisi. Watu wengi waliouawa walinong'onwa kwa miezi kabla ya usiku ule, na walionyamaza walikuwa wengi kuliko waliobeba mapanga.

Sayansi ya sumu za ubongo itaendelea kujisahihisha, na huenda baadhi ya mambo yanayoshukiwa leo yakaondolewa kesho. Mzee wa jirani hawezi kungoja hadi hapo. Moshi wa jikoni kwake unaweza kupunguzwa mwezi huu, na shutuma dhidi yake inaweza kukanushwa leo jioni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni wazee wangapi wanaoishi peke yao? Nani aliwatembelea juma lililopita?

2. Tunapomwona mzee amepotea njia au anasema maneno yasiyoeleweka, neno letu la kwanza huwa ni lipi?

3. Katika nyumba zetu, dawa ya pamba huhifadhiwa wapi, na chupa zake tupu huishia wapi?

4. Tukisikia mzee anatuhumiwa, tumekubaliana nani aende, na nani apige simu?